TOFAUTI YA "HISTORIC" NA "HISTORICAL", NA MATATIZO YA NENO "KIHISTORIA"

Huenda ukajiuliza maneno ya Kiingereza yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Jibu langu ni kwamba maneno haya mawili yalikwisha ingia nyumbani mwetu zamani, wala hayakubisha hodi, na yote mawili yamevaa kanzu moja. Kanzu yenyewe ni neno "kihistoria". Fungua redio jioni ya leo usikilize. Utasikia uamuzi wa kihistoria, dhuluma za kihistoria, majengo ya kihistoria na hata mechi ya kihistoria, yote katika taarifa moja ya habari. Mtangazaji hakwambii ni kihistoria ipi. Nasi tunaandika vivyo hivyo katika insha zetu, mwalimu anachora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, kisha tunanung'unika ati mwalimu ni mkali.

Muhula uliopita katibu wetu alibandika tangazo kwenye ubao: "Safari ya Kihistoria, Fort Jesus." Basi ubishi ukazuka bwenini. Kundi moja lilisema hiyo ni safari ya kwenda kujifunza historia, kwa hivyo kila mtu abebe daftari. Kundi la pili likashikilia kwamba katibu anajigamba, ati safari hiyo itakumbukwa na vizazi vijavyo. Kwa Kiswahili kilichoandikwa pale ubaoni, wote walikuwa na haki. Lakini lau tangazo lingekuwa la Kiingereza ubishi usingekuwako. Angeandika "historical", kundi la kwanza lingeshinda. Angeandika "historic", la pili lingeshinda, na katibu angechekwa mpaka mwisho wa muhula.

Shina la maneno haya

Maneno haya yametoka katika neno la Kiyunani "historia", ambalo hapo mwanzo lilikuwa na maana ya kuulizauliza na kuchunguza. Herodotus, aliyeandika habari za vita vya Wayunani na Waajemi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alilitumia katika sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu chake. Likapitia Kilatini, likaenea Ulaya. Waingereza nao wana tabia ya kupachika mkia "-ic" na mkia "-ical" katika shina lile lile. Kwa muda mrefu watu walitumia mkia wowote walioupenda bila kugombana, halafu polepole maneno yakagawana kazi. Ndivyo ilivyotokea kwa "economic", linalohusu mambo ya uchumi, na "economical", linalomhusu mtu asiyefuja mali. Wako ndugu wengine wa namna hii, lakini hao nawaacha.

Sasa, "historical" ni neno la kuonyesha uhusiano tu. Chochote kinachohusu mambo yaliyopita, au elimu ya historia, huitwa hivyo. Halisifu wala halilaumu. Stakabadhi ya duka ya mwaka 1952, hata kama ni ya ratili mbili za sukari, ni hati ya namna hiyo kwa mtu anayechunguza bei za enzi ya ukoloni. Mwanahistoria ataishika kwa mikono miwili, ijapokuwa aliyenunua ile sukari hakutikisa dunia.

"Historic", kwa upande wake, ni cheo. Hupewa siku, mahali au tendo lililogeuza mambo, kiasi kwamba watu wakisimulia historia hawawezi kuliruka. Tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa siku ya namna hiyo kwa Kenya. Tarehe 11 Desemba ya mwaka ule ule watu pia waliamka, wakachota maji, wakaenda sokoni, na mtu akitaka kuandika habari za siku hiyo anaweza. Utafiti wake utakuwa "historical" bila shaka. Lakini siku yenyewe haina cheo.

Jambo moja wengi hawalijui: cheo hiki si lazima kiwe cha sifa njema. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu, na mifugo ikafa kwa wingi. Ukame ule ulistahili kuitwa "historic", wala hakuna aliyeufurahia. Lakini wataalamu wa hali ya hewa walijuaje kwamba ukame umezidi wa kawaida? Walitazama takwimu za mvua za miaka ya nyuma, na takwimu hizo ndizo "historical". Hapo maneno yote mawili yanakutana katika habari moja, na ukiyaita yote "ya kihistoria" msomaji atadhani takwimu nazo zilikuwa za ajabu.

Au chukua mbio za Eliud Kipchoge mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Zile mbio hazikuingizwa katika rekodi rasmi, kwa kuwa zilipangwa mahsusi, wakimbiaji wa kumwongozea kasi wakipokezana. Ni "historic" tu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amekimbia umbali huo chini ya saa 2 kabla yake. Unaona basi? Cheo hiki hakitolewi na karani wa rekodi.

Kitabu kimoja, maneno yote mawili

Wanachama wenzangu wa fasihi wamekuwa wakiniuliza kama riwaya ya kihistoria ni riwaya mashuhuri. La hasha! Riwaya ya kihistoria, yaani "historical", ni ile inayojengwa juu ya matukio ya wakati uliopita. Kuli ya Adam Shafi ni ya namna hiyo, kwa kuwa inahusu maisha ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbaya, bado itaitwa hivyo. (Mimi naiona nzuri sana, lakini hilo ni jingine.)

Sasa angalia Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Kinasimulia habari za watu waliotekwa, wakakombolewa baharini na kupelekwa Freretown, Mombasa. Kwa hivyo yaliyomo ni "historical". Lakini vilevile wengi hukihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, na kwa ajili hiyo kitabu chenyewe ni "historic". Neno la kwanza linatazama ndani ya kitabu. La pili linatazama mahali kitabu kilipo katika safari ya fasihi yetu. Mwanafunzi akiniandikia kwamba "hiki ni kitabu cha kihistoria", sitajua ameona kipi kati ya hivyo viwili, na huenda hata yeye hajui.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Fumo Liyongo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wake mwaka 1913, na kila mwanafunzi anajua kisa: mwana anatumwa amchome baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Hebu sasa uliza kwa Kiingereza habari za "the historical Liyongo". Hapo huulizi kama alikuwa shujaa mkubwa. Unauliza kama kweli aliishi, aliishi karne gani, aligombana na nani juu ya utawala, na ni yapi katika kisa yaliyoongezwa na wasimulizi. Wataalamu hawajakubaliana hata juu ya karne. Makisio yao yameachana kwa mamia ya miaka. Lakini ukiuliza habari za "the historic Liyongo" unakuwa umekwisha kubali kwamba alikuwako na kwamba alikuwa mtu mkubwa. Yaani neno la pili limeruka swali zima! Kwa mtu kama Mekatilili wa Menza hakuna shida, maana upinzani wake kwa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1913 na 1914 umeandikwa hata na maadui zake. Yeye anastahili maneno yote mawili. Kwa Liyongo, ukitafsiri ovyo, umetoa hukumu bila kusikiliza kesi.

Kotini na shambani

Tumefika mahali ambapo neno moja linaweza kumkosesha mtu haki yake, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti. Magazeti yote yaliandika "uamuzi wa kihistoria", na hapo maana ilikuwa wazi, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limetokea juzi. Kitu cha juzi hakiwezi kuwa "historical" bado. Kikiitwa cha kihistoria, ni cheo kinatolewa, wakati mwingine kwa haraka mno. (Wageni wa heshima katika sherehe za kutoa zawadi ndio mabingwa wa haraka hii. Kila mwaka siku hiyo huwa ni ya kihistoria.)

Lakini kumbuka kesi ya wapiganaji wa Mau Mau. Wazee wachache walikwenda hadi mahakama kuu ya London kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendewa katika kambi wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakili wa serikali alidai kwamba mambo hayo ni ya zamani mno, hayawezi tena kusikilizwa. Mwezi wa Oktoba 2012 jaji akakataa hoja hiyo, akasema kesi inaweza kuendelea. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba inasikitika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Katika habari hii mateso ni "historical", na uamuzi wa jaji ni "historic". Mtu akiandika "uamuzi wa kihistoria kuhusu mateso ya kihistoria", ameandika Kiswahili sahihi kwa sarufi. Lakini mateso yanasikika kana kwamba yanasherehekewa pamoja na uamuzi. Mama aliyepigwa kambini angesomewa sentensi hiyo, angesema nini?

Vivyo hivyo tunaposema "dhuluma za kihistoria" katika mambo ya ardhi. Maneno haya yametoka katika Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 67, kinachoipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za sasa na zile zinazoitwa kwa Kiingereza "historical". Nimewasikia watu wazima, tena wenye akili timamu, wakisema hayo ni mambo ya vitabuni, ni hadithi za mababu, yamekwisha. Neno "kihistoria" ndilo limewadanganya, maana shuleni historia ni somo la mambo yaliyokwisha. Kumbe sheria haisemi hivyo hata kidogo! Sheria ya Tume hiyo, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza kwamba dhuluma ya namna hii ni iliyotendeka kati ya tarehe 15 Juni 1895, nchi ilipofanywa himaya ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa. Tena inaongeza sharti la maana sana: iwe haijatatuliwa ipasavyo, na bado inaendelea. Hebu soma tena sharti hilo. Dhuluma ya kihistoria katika sheria ni ile yenye chanzo cha zamani na donda bichi. Ikiwa imekwisha, basi Tume haina habari nayo.

Mimi naona tungesema "dhuluma za tangu zamani". Hilo "tangu" lina kazi kubwa, kwa sababu linaanza zamani na halisemi limeishia wapi. Mwenye shamba lake anaelewa mara moja, na aliyelichukua anaelewa vilevile.

Wenyewe wanapochanganya

Usije ukadhani Waingereza wote wanaishika kanuni hii. Polisi na magazeti ya Uingereza wamezoea kuita makosa ya miaka mingi iliyopita "historic", hasa katika kesi za watoto waliodhulumiwa zamani. Wako wanaolalamika kwamba kuita kosa la aibu kwa neno lenye cheo ni kuwakejeli walioumizwa, na baadhi ya wakubwa wa sheria huko hupendelea kusema tu kwamba kosa si la karibuni. Nao wataalamu wa sarufi hutumia mikia yote miwili kwa kile kitindo cha kusimulia mambo yaliyopita kana kwamba yanatokea sasa. Hata sisi tunacho: "Basi Sungura anafika mlangoni, anabisha, Fisi anachungulia." Mambo ni ya hapo kale, kitenzi ni cha wakati wa leo. Huko ukitumia neno lolote kati ya hayo mawili hakuna atakayekusuta.

Basi Kiswahili kifanye nini?

Kuna mwenzetu aliyependekeza chamani kwamba tuunde neno jipya, mfano "kihistoriko". Tafadhali! Lugha ambayo ina maneno kale, zamani, kitambo, enzi, jadi, tarehe na mapisi haikufilisika kiasi hicho. "Kale" iko mbali, hakuna aliye hai aliyeiona. Mombasa wana Mji wa Kale, na hakuna mzee anayesema alizaliwa kale. "Zamani" inaweza kuwa ya babu yako, au hata yako mwenyewe ukiwa na umri. "Kitambo" ni karibu zaidi. Unaweza kuwa na kitambo hujaoga. "Tarehe" tumeipata kutoka Kiarabu, na huko neno lake lina maana ya siku ya kalenda na pia historia yenyewe; mpaka leo pwani wako wazee wanaosema tarehe ya mji wakimaanisha historia yake. Na watunzaji wa kumbukumbu za Pate na Lamu waliziita habari, yaani taarifa.

Kwa hivyo kwa "historical" mara nyingi inatosha kuondoa lile "ki-" na kusema "ya historia": kitabu cha historia, safari ya historia, utafiti wa historia. Ikiwa ni mambo ya wakati tu, sema "ya zamani" au "ya miaka iliyopita", kama takwimu za mvua za miaka iliyopita. Ikiwa ni kutofautisha mtu wa kweli na wa ngano, sema waziwazi, "Liyongo aliyeishi kweli, ikiwa aliishi". Sentensi imekuwa ndefu kidogo, lakini haina ulaghai.

Kwa "historic" tutumie kitenzi, maana Kiswahili kinapenda vitenzi kuliko sifa. Siku isiyosahaulika. Uamuzi ulioweka historia. Mbio zilizofungua ukurasa mpya. Mahali penye kumbukumbu kubwa. Kwa jengo kama Fort Jesus, lililoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, likawa gereza enzi ya Waingereza, likageuzwa makumbusho, na likatiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, "jengo la kihistoria" si kosa, kwa sababu maana zote mbili zimo na hazigombani. Sikatazi neno lenyewe. Nakataza uvivu wa kuliachia lifanye kazi ambayo mwandishi alipaswa kuifanya.

Zoezi

Yaandike upya mafungu haya bila kutumia neno "kihistoria" hata mara moja, na useme kila moja lingechukua neno gani la Kiingereza. La kwanza: "Timu yetu ya hoki ilipata ushindi wa kihistoria dhidi ya majirani." La pili: "Maktaba imenunua ramani za kihistoria za pwani." La tatu: "Wanakijiji wanadai fidia kwa sababu ya makosa ya kihistoria ya upimaji wa mashamba." La nne: "Hotuba ile ya kihistoria imehifadhiwa Nairobi." Majibu yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano wa Ijumaa. La nne lina majibu mawili, na atakayeandika moja tu atarudishiwa karatasi yake.